Maswali Yanayozaliwa Kando ya Kitanda: Taaluma ya Uuguzi wa Wazee na Utafiti wa Dimenshia

Katika orodha ya kazi za afya ambazo wazazi wa Afrika Mashariki huwaombea watoto wao, uuguzi wa wazee hautajwi, na hata unapotajwa huchukuliwa kuwa ni kazi ya huruma isiyohitaji elimu kubwa, kwa kuwa kumlisha mzee, kumwogesha na kumgeuza kitandani ni mambo yanayofanywa kila siku majumbani na watu wasio na cheti chochote. Dhana hiyo imechelewesha utafiti wa eneo hili kwa miongo mingi, hata katika nchi tajiri. Lakini dhana hiyo hiyo iliwapa nafasi wauguzi wachache wenye jicho kali, ambao walitambua kwamba mambo ambayo kila mtu anadhani anayajua ndiyo ambayo mara nyingi hayajawahi kuchunguzwa na yeyote.

Taaluma inayozungumzwa hapa ina matawi mawili yanayokutana. La kwanza ni uuguzi wa kijerontolojia, yaani uuguzi unaojengwa juu ya jerontolojia, ambayo ni elimu ya uzee kwa upana wake: mwili unavyobadilika, akili inavyobadilika, na jamii na serikali zinavyopanga maisha ya watu waliofikia umri huo. La pili ni utafiti wa matunzo ya watu wenye dimenshia. Neno hilo halitaji ugonjwa mmoja. Linajumlisha hali inayosababishwa na magonjwa kadhaa ya ubongo, ambapo kumbukumbu, lugha, uwezo wa kupima mambo na hatimaye uwezo wa kujihudumia hupungua mwaka hadi mwaka, zaidi ya usahaulifu wa kawaida wa uzeeni. Mzee anayesahau alikoweka miwani na baadaye akaikumbuka hana sababu ya kuogopa. Anayeishika miwani asijue ni ya kazi gani anahitaji kuchunguzwa.

Kabla ya dimenshia kupata nafasi katika maabara, uzee wenyewe ulilazimika kwanza kupata nafasi hospitalini. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren, katika hospitali ya West Middlesex nchini Uingereza, alikabidhiwa mamia ya wagonjwa wa muda mrefu waliokuwa wakilala katika jengo la zamani la maskini, na alipowachunguza mmoja mmoja aligundua kwamba wengi wao wangeweza kuinuka, kutembea na kurudi makwao iwapo wangetibiwa na kufanyishwa mazoezi badala ya kuachwa kitandani. Kwa upande wa uuguzi, jina linalopaswa kutajwa mapema ni la Doreen Norton, muuguzi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1922 na kufariki mwaka 2007, ambaye pamoja na wenzake wawili, Rhoda McLaren na daktari A. N. Exton-Smith, alichapisha mwaka 1962 ripoti ya uchunguzi wa matatizo ya kuwauguza wazee hospitalini.

Tatizo moja walilolishughulikia ni vidonda vya mgandamizo, yaani vile vinavyotokea makalioni, visiginoni na kwenye nyonga za mtu anayelala upande mmoja muda mrefu hata damu ikashindwa kupita vizuri katika ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro. Wakati huo kila wodi ilikuwa na dawa yake: wengine walisugua kwa spiriti, wengine kwa sabuni, wengine kwa mafuta ya namna mbalimbali, na kila muuguzi mkuu aliapa kwamba ya kwake ndiyo inayofaa. Norton na wenzake walilinganisha na kupima, wakaona kwamba vipakwavyo havikuwa na faida ya kutajwa, na kwamba kilicholeta tofauti ni kumgeuza mgonjwa kwa ratiba isiyorukwa. Vilevile walitunga kipimo chenye vipengele vitano, ambavyo ni hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujigeuza kitandani na uwezo wa kuzuia haja. Kila kipengele hupewa alama 1 hadi 4, na mgonjwa anayepata jumla ya 14 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa katika hatari na kuanza kugeuzwa kabla kidonda hakijatokea. Kipimo cha Norton kingali kikifundishwa vyuoni, na miaka ya 1980 muuguzi huyo aliitwa Cleveland, Marekani, kushika kiti cha uprofesa wa uuguzi wa wazee katika Chuo Kikuu cha Case Western Reserve.

Ni vyema kuitazama kazi hiyo kwa karibu, kwa sababu inaonyesha umbo ambalo taaluma nzima ililichukua baadaye. Swali halikutoka katika nadharia kubwa. Lilitoka katika ugomvi wa kila siku wa wodini kuhusu kopo gani la mafuta litumike. Jibu nalo halikuhitaji mashine yoyote, bali lilihitaji mtu aliye tayari kuhesabu kwa subira jambo ambalo wenzake waliliona dogo mno.

Dimenshia ilikuja kuwa swali kubwa la taaluma hii kwa njia tofauti kidogo. Mwaka 1901 mwanamke mmoja wa makamo, Auguste Deter, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Frankfurt, Ujerumani, akiwa hawezi kukumbuka jina la mumewe wala kumaliza kuandika jina lake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1906, daktari Alois Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini na kuelezea mabonge na nyuzi zilizosokotana ambazo hadi leo ndizo alama za ugonjwa unaobeba jina lake. Ugonjwa huo wa Alzheimer unakadiriwa kuwa chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia zote, ukifuatiwa na ile inayotokana na mishipa ya damu ya ubongo kuziba au kupasuka, ambayo ina undugu wa karibu na shinikizo la damu, kisukari na kiharusi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na hali hii, zaidi ya asilimia 60 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba karibu watu milioni 10 wapya huongezeka kila mwaka.

Dawa zipo, lakini haziponyi. Zile za zamani hupunguza dalili kwa muda. Zile mpya, kama lecanemab iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2023, huchelewesha kwa kiasi kidogo mwendo wa ugonjwa kwa watu walio katika hatua za mwanzo, na kwa masharti ya kupigwa picha za ubongo mara kwa mara na kutundikiwa dawa kwenye mshipa, masharti ambayo hospitali nyingi za wilaya katika kanda yetu haziwezi kuyatimiza. Matokeo yake ni kwamba kwa wagonjwa walio wengi, matunzo ndiyo tiba yenyewe, na ubora wa miaka yao iliyobaki hutegemea zaidi anayewaogesha kuliko anayewaandikia dawa. Hapo ndipo utafiti wa wauguzi unapopata uzito wake.

Mchango uliobadilisha fikra za wengi, hata hivyo, haukutoka kwa muuguzi. Ulitoka kwa Tom Kitwood, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Bradford nchini Uingereza, aliyewahi pia kufundisha shuleni nchini Uganda, ambaye kitabu chake cha mwaka 1997 kilidai kwamba sehemu ya kile kinachoitwa kuporomoka kwa mgonjwa haisababishwi na ubongo peke yake, bali husababishwa pia na namna anavyotendewa. Kitwood aliyataja kwa majina matendo madogo yanayomvunja mtu, yakiwemo kumdanganya ili atii, kumsemesha kama mtoto, kumharakisha kupita uwezo wake, kuzungumza juu yake kana kwamba hayupo, na kumdhihaki, na akasisitiza kwamba wanaoyatenda si lazima wawe na nia mbaya. Pamoja na Kathleen Bredin alibuni njia ya kupima jambo hilo: mtazamaji aliyefunzwa huketi katika sebule ya makazi ya wazee kwa saa kadhaa, na kila baada ya dakika 5 huandika mzee fulani anafanya nini na anaonekana yu katika hali gani. Anayesoma kumbukumbu hizo kwa mara ya kwanza hushtushwa na wingi wa vipindi ambavyo hakuna kinachoandikwa isipokuwa kwamba mtu ameketi na hakuna aliyemsemesha.

Wauguzi wa Marekani waliichukua hoja inayofanana na hiyo wakaipeleka kwenye swali la kitabibu zaidi. Mgonjwa wa dimenshia anayezurura usiku, anayepiga kelele au anayempiga anayemvua nguo, kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa na tabia sumbufu na kupewa dawa za kumtuliza. Mwaka 1996 Donna Algase, Cornelia Beck, Ann Kolanowski na wenzao walipendekeza kwamba tabia hizo zitazamwe kama lugha ya mtu aliyepoteza lugha, yaani kwamba nyuma yake kuna haja isiyotimizwa, iwe ni njaa, kiu, baridi, kibofu kilichojaa, upweke au maumivu. Pendekezo hilo lilifungua mlango wa tafiti nyingi, kwa sababu haja ikikisiwa inaweza kujaribiwa: mpe maji, mpeleke msalani, uone kama kelele zitakoma.

Maumivu ndiyo yaliyokuwa magumu zaidi. Njia ya kawaida ya kuyapima ni kumwuliza mgonjwa aeleze kwa namba kuanzia 0 hadi 10, na njia hiyo haifai kwa mtu asiyejua tena namba ni nini. Mwaka 2003 Victoria Warden, muuguzi mtafiti Ann Hurley na daktari Ladislav Volicer walichapisha kipimo kinachomtaka muuguzi atazame mambo matano katika dakika chache: anavyopumua, sauti anazotoa, uso wake, mwili wake umekaza au umelegea, na kama anatulizika anaposemeshwa au kuguswa. Kila jambo hupewa alama 0 hadi 2. Mtu anayepumua kwa kuhema, anayegugumia mfululizo, aliyekunja uso, aliyefumba ngumi na kupandisha magoti, na ambaye mkono begani haumtulizi, amekwisha kusema anavyoumwa ingawa hakutamka neno. Muuguzi mkongwe atasema kwamba alikuwa akiyaona hayo siku zote, na pengine ni kweli. Lakini alichokiona yeye hakikuweza kuandikwa katika faili wala kukabidhiwa kwa zamu ya usiku, na kipimo kinaweza.

Mfano ulio wazi zaidi wa utafiti wa uuguzi kubadilisha mazoea ya nchi nzima ni ule wa kuwafunga wazee. Hadi miaka ya 1980, katika nyumba za kutunzia wazee za Marekani lilikuwa jambo la kawaida kabisa kumfunga mzee kitini au kitandani kwa mkanda wa kiunoni, fulana yenye kamba au vitambaa vya mikononi, na makadirio ya mwishoni mwa muongo huo yalionyesha kwamba takribani wakazi wanne katika kila kumi walifungwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: asiyefungwa ataanguka, atavunja nyonga, na familia itashitaki. Lois Evans na Neville Strumpf, wauguzi wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walipoanza kuyapitia maandishi ya kitaalamu wakitafuta ushahidi kwamba kufunga kunazuia madhara, waliukuta ni haba, na mwaka 1989 walichapisha mapitio yaliyoiweka hali hiyo hadharani. Madhara ya kufunga kwenyewe yalikuwa mengi na yalijulikana: misuli hunyauka, vidonda vya mgandamizo hutokea, haja hushindikana kuzuiwa kwa kuwa mtu hawezi kwenda msalani, na wapo waliokufa kwa kunyongwa na kamba walipojaribu kujinasua.

Sheria ilikuwa imetangulia kidogo. Mwaka 1987 Bunge la Marekani lilipitisha mageuzi ya nyumba za wazee yaliyompa mkazi haki ya kutofungwa kwa ajili ya nidhamu au kurahisisha kazi za watumishi. Lakini sheria inayokataza jambo haimfundishi muuguzi wa zamu ya usiku, mwenye wazee wengi peke yake, afanye nini badala yake. Kundi la Evans na Strumpf lilijibu swali hilo kwa jaribio lililochapishwa mwaka 1997, lililohusisha nyumba tatu: moja iliendelea na mazoea yake, ya pili ilipewa mafunzo kwa watumishi, na ya tatu ilipewa mafunzo pamoja na muuguzi bingwa aliyefika mara kwa mara kwa miezi 6 kujadiliana na watumishi mgonjwa mmoja mmoja, kwa nini huyu anainuka, kitanda cha yule kishushwe kiasi gani. Katika nyumba hiyo ya tatu matumizi ya vifungo yalipungua kwa zaidi ya nusu, bila kuongeza watumishi, bila kuongeza dawa za kutuliza na bila kuongezeka kwa majeraha makubwa ya kuanguka, ilhali mafunzo peke yake yalileta mabadiliko madogo zaidi. Ikiwa mafunzo peke yake hayakuwa dawa kule, hakuna sababu ya kudhani kwamba warsha za siku mbili, ambazo wizara na mashirika mengi ya kanda yetu huzipenda, zitakuwa dawa huku.

Kazi kama hizo hufanywa na watu wenye ngazi maalumu za masomo, na ngazi hizo ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Nchini Tanzania anayetaka kufika huko huanza kwa stashahada au shahada ya kwanza ya uuguzi, husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, hufanya kazi wodini, kisha husoma shahada ya uzamili na baadaye ya uzamivu, ambayo ndiyo inayompa mtu sifa ya kuongoza utafiti wake mwenyewe. Akiajiriwa chuoni hupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa kamili, na kinachompandisha kwa kiasi kikubwa ni makala alizochapisha katika majarida yanayopitiwa na wataalamu wenzake. Shahada za uzamili zinazotafutwa zaidi ni za ukunga, afya ya akili, huduma za wagonjwa mahututi na afya ya jamii; mwenye nia ya kuchunguza uzee mara nyingi hulazimika kuingia kupitia mojawapo ya milango hiyo, na akifika uzamivu huenda akamkosa msimamizi aliyebobea katika jambo lake.

Tatizo la wasimamizi si la Afrika peke yake. Marekani ilikuwa na upungufu huo huo, kiasi kwamba wakfu wa John A. Hartford uligharimia kuanzishwa kwa taasisi ya uuguzi wa wazee katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2000 ukatoa ufadhili maalumu kwa wauguzi waliosomea uzamivu katika fani hii na kwa waliokwisha kuumaliza, ili wapate miaka michache ya kufanya utafiti kabla mzigo wa kufundisha haujawaelemea. Somo moja la mpango huo linastahili kuigwa: fedha zilielekezwa kwa watu, zikajenga kizazi cha wasimamizi ambao nao walisimamia wengine.

Kuna jambo jingine katika mpangilio wa kazi hii linaloumiza kimyakimya. Muuguzi anayesoma sana huondolewa wodini. Cheo humpeleka ofisini, chuoni au wizarani, na kwa kuwa maswali ya fani hii huzaliwa kando ya kitanda, kila hatua ya kupanda humweka mbali zaidi na chemchemi ya maswali. Baadhi ya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani Kaskazini vimelikabili tatizo hili kwa kumpa mtu mmoja ajira ya pande mbili, nusu hospitalini na nusu chuoni. Pale ambapo mwajiri wa hospitali ni mmoja na wa chuo ni mwingine, kila mmoja na miundo yake ya mishahara, mpango huo unahitaji makubaliano ambayo ni rahisi kuyaandika kuliko kuyatekeleza.

Afrika Mashariki haiko mikono mitupu. Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, ambayo kuanzia miaka ya 1990 ilikuwa na mfumo wa kuhesabu kaya na vifo kwa ajili ya utafiti, ndiyo iliyotoa mojawapo ya picha za kuaminika zaidi za dimenshia vijijini kusini mwa Sahara. Watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, asilimia 6.4 walikuwa na dimenshia. Takwimu hiyo haiko mbali na za Ulaya, na ilipaswa kuimaliza kabisa kauli kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu.

Kazi ya Hai ilizaa kitu cha manufaa zaidi kuliko takwimu. Kipimo kilichotumika duniani kwa miongo mingi, kile cha alama 30 kilichotungwa Marekani mwaka 1975, humtaka mtu aandike sentensi, anakili pembetano mbili zilizopishana, na atoe 7 kutoka 100 mara kadhaa mfululizo. Bibi wa Machame asiyewahi kushika kalamu ataanguka katika maswali hayo hata kama bado anajua deni la kila mteja wake wa ndizi. Watafiti hao, wakishirikiana na wenzao wa Nigeria, walitunga kipimo kifupi kisichohitaji kusoma wala kuandika: mtu huulizwa siku ya leo, jina la kiongozi wa eneo lake, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, hukumbuka baada ya muda maneno kumi aliyosomewa, na badala ya kuchora hupewa njiti za kiberiti ili aige umbo lililopangwa mbele yake. Njiti za kiberiti zinapatikana kila nyumba, na mikono iliyozoea kusuka au kupepeta haizioni ngeni. Kipimo kinaweza kutumiwa na mhudumu asiye daktari, jambo lenye maana kubwa pale ambapo daktari bingwa wa akili au wa mishipa ya fahamu yuko safari ya siku nzima.

Hai hiyo hiyo ilijaribu pia tiba ya kuchangamsha akili kwa vikundi, ambayo katika umbo lake la Uingereza huwa na vipindi 14 vya mazungumzo, michezo na kumbukumbu, mara mbili kwa wiki kwa wiki saba. Jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2003 lilihusisha watu 201 na kuonyesha nafuu katika kumbukumbu na ubora wa maisha. Toleo la Kilimanjaro, lililoripotiwa mwaka 2017, lilikuwa dogo, watu 34 tu, na lilirekebishwa ili lisitegemee kusoma. Udogo wake unalifanya liwe dokezo na si uthibitisho, lakini lilionyesha kwamba jambo hilo linawezekana kijijini. Nchini Kenya, mradi wa kimataifa wa STRiDE ulioanza mwaka 2018 ulichunguza hali ya huduma na unyanyapaa, na uliwahusisha wahudumu wa afya wa jamii katika kaunti ya Makueni kuwatambua wenye dalili.

Unyanyapaa hauwezi kupitwa juu juu katika kanda hii. Mzee anayezungumza peke yake usiku, anayetoka nje uchi, anayemshutumu mkwe wake kwa wizi, katika vijiji vingi hahesabiwi kuwa mgonjwa. Ama huambiwa ni uzee, na uzee haupelekwi hospitali, ama huitwa mchawi; na Kanda ya Ziwa nchini Tanzania imeshuhudia vikongwe, hasa wanawake, wakiuawa kwa tuhuma hizo. Mtafiti anayeandika hojaji kuhusu usahaulifu wa uzeeni lazima afikirie jibu litamfanya nini mjibuji baada ya yeye kuondoka, maana kumtaja bibi fulani mbele ya majirani kwamba akili yake imebadilika kunaweza kumhatarisha.

Suala hilo linaelekea kwenye lile la ridhaa, ambalo ni gumu kuliko yote katika utafiti huu. Kanuni za maadili, ambazo nchini Tanzania husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), huhitaji mshiriki aelewe anachokubali, na mtu mwenye dimenshia huenda akaelewa asubuhi na kusahau jioni. Njia inayokubalika siku hizi ni kupata kibali cha ndugu anayemwakilisha, na juu ya hapo kuendelea kuisoma ridhaa ya mgonjwa mwenyewe kila kipindi: akigeuza uso, akisukuma mkono, akinyanyuka aondoke, hiyo ni hapana, hata kama sahihi ya mwanawe ipo kwenye karatasi. Mtafiti anapoteza data siku hiyo, na anapaswa kuwa tayari kuipoteza.

Wakati hayo yakiendelea, uzoefu mkubwa wa Waafrika Mashariki katika kuwatunza watu wenye dimenshia unajikusanya mahali pengine. Wakenya wengi, na Watanzania na Waganda pia, wanafanya kazi katika nyumba za wazee za Uingereza na Marekani, na Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano rasmi ya kupeleka wauguzi. Watu hao wanajua namna ya kumtuliza mzee anayetaka kurudi kwa mama yake aliyekufa miaka 60 iliyopita, wanajua kwa nini kuoga humtisha, na ujuzi huo haumo katika tasnifu yoyote ya vyuo vya nyumbani.

Maswali ya kuchunguza huku nyumbani hayafanani kabisa na yale ya New York. Huko, Mary Mittelman na wenzake waliwafuatilia wake na waume 406 waliokuwa wakiwatunza wenzi wao, wakaonyesha katika makala ya mwaka 2006 kwamba ushauri kwa familia nzima, pamoja na simu ya kupiga wakati wowote wa shida, ulichelewesha mgonjwa kupelekwa katika nyumba ya wazee kwa siku 557 kwa wastani wa kati. Ni matokeo ya kuheshimika, lakini kipimo chake cha mafanikio ni nyumba ya wazee, kitu ambacho katika wilaya nyingi za Tanzania hakipo, na mlengwa wake ni mwenzi wa ndoa. Mtafiti atakayeichukua hojaji hiyo na kuipeleka katika kaya ya Moshi au Kitui atakwama katika ukurasa wa kwanza, penye nafasi ya kujaza jina la mtunzaji mkuu, kwa sababu atalazimika kuchagua kati ya mtoto wa kiume aliyeko mjini anayetuma fedha kila mwisho wa mwezi na kuamua mambo ya matibabu kwa simu, mkwe anayepika na kufua, mjukuu anayelala chumba kimoja na babu ili asitoke usiku, na dada wa kazi mwenye umri wa miaka 17, ambaye ndiye anayejua babu alikula nini jana na ambaye hakuna aliyemtaja.